Puma, Staghound au AEC: uweke lipi mezani kati ya magari haya mazito ya deraya?

Una fedha ya boksi moja la modeli, kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani. Jeshi lako la mezani lina askari wa miguu wa kutosha, pengine na kifaru kimoja, ila halina kitu cha kutangulia kwenda kuchungulia. Mbele yako kuna magari matatu mazito ya deraya ya Vita vya Pili vya Dunia: Sd.Kfz. 234/2 ya Wajerumani, ambayo kila mchezaji huiita Puma. Staghound iliyoundwa Marekani na kupewa Waingereza na wenzao. Na AEC iliyotengenezwa na Waingereza wenyewe. Uchukue lipi?

Anayejibu haraka atakwambia inategemea jeshi lako. Ni kweli, mwenye Wajerumani hana la kufanya na Staghound. Lakini wengi wetu hatuanzi na jeshi. Tunaanza na gari lililotuvutia kwenye picha, tunalinunua, kisha jeshi zima linajengwa kulizunguka kwa miaka mitatu minne. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Ndiyo maana uchaguzi huu una uzito kuliko bei ya boksi.

Nitasema mapema ninakoegemea, usome ukijua. Gari ninalolipenda kuliko yote ni Puma. Gari ningemnunulia mtu anayeanza ni Staghound. Sababu zake ni ndefu kidogo.

Kazi ya gari la namna hii

Gari la deraya linatembea kwa magurudumu, kifaru kinatembea kwa minyororo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozaa nyingine zote. Magurudumu yanakupa mbio barabarani, ukimya, matumizi madogo ya mafuta na safari ndefu bila kuhitaji fundi. Yanakunyima njia kwenye tope zito na mahandaki, na hayawezi kubeba chuma kinene kama cha kifaru. Kwa hiyo majeshi yote yaliyapa kazi ileile: tangulia, tazama, piga redio, rudi ukiwa hai. Mzinga ulio juu ni wa kujinasua ukikutwa, au wa kumfukuza mpelelezi wa upande wa pili.

Yale yaliyopita kwetu Afrika Mashariki wakati wa vita hivyo yalikuwa mepesi. Marmon-Herrington za Afrika Kusini, zilizotoka Kenya kuingia Somalia ya Kiitalia na Uhabeshi mwaka 1941, zilikuwa na uzito wa takribani tani 6. Haya matatu ninayolinganisha yana tani 11 hadi 14. Ndiyo maana yanaitwa mazito, na ndiyo maana yanamdanganya mchezaji: yana mnara na mzinga, yanafanana na kifaru, na mkono unashawishika kuyatumia kama kifaru.

Puma

Chasisi yake ilibuniwa na kampuni ya Büssing-NAG kuanzia mwaka 1940, wakati Wajerumani walipokuwa wakitafuta gari la kuhimili nchi za joto. Injini waliiagiza kwa Tatra: dizeli ya silinda 12 inayopozwa kwa hewa, bila rejeta wala maji, yenye nguvu za farasi zipatazo 220. Kwa jangwa la Libya ingekuwa dawa. Ila ilichukua muda mrefu mno kukamilika. Magari ya kwanza yalitoka kiwandani mwishoni mwa 1943, na vita vya Afrika Kaskazini vilikuwa vimeisha tangu Mei mwaka huohuo. Gari lililozaliwa kwa ajili ya mchanga likaishia kwenye vichochoro vya Normandy na matope ya upande wa mashariki.

Zilitengenezwa 101 tu, hadi Septemba 1944. Idadi hiyo ikae kichwani, maana tutairudia.

Sasa litazame lenyewe. Magurudumu 8, yote yanasukuma na yote yanakata kona, manne ya mbele yakielekea huku na manne ya nyuma yakielekea kule, ili gari la mita 6 lizunguke mahali padogo. Uzito wake ni kama tani 11.5, kasi inapita kilomita 80 kwa saa, na tangi likijaa linakwenda takribani kilomita 900 barabarani. Watu wanne ndani. Mzinga wa milimita 50 aina ya KwK 39/1 umekaa kwenye mnara uliofunikwa juu, ukiwa na ngao ya chuma iliyoviringana kama kwato mbele yake, na pembeni ya mzinga kuna rashasha ya MG 42. Chuma cha mbele kina milimita 30. Cha ubavuni kina milimita 8.

Rudia kusoma hiyo ya ubavuni. Milimita 8 huzuia risasi za bunduki na vipande vya makombora, basi. Mzinga wowote wa kupiga vifaru ukiipata Puma ubavuni hauna kazi kubwa ya kufanya.

Lakini lenye akili zaidi katika gari hili halionekani kwenye picha nyingi, kwa sababu liko nyuma. Mmoja wa wale watu wanne ni dereva wa pili, aliyekaa akitazama nyuma, ana usukani wake mwenyewe. Gari likiingia kwenye mtego, halihitaji kugeuka. Dereva wa nyuma anashika usukani, gia zinaruhusu kurudi kwa kasi karibu sawa na ya kwenda, na gari linatoka lilikotoka huku mzinga na ngao yake vikiendelea kumtazama adui. Watu wanaipenda Puma kwa mzinga wake. Mimi naipenda kwa huyo mtu aliyekaa kinyume.

Zipo ndugu zake tatu kwenye chasisi ileile: 234/1 yenye mzinga mdogo wa milimita 20 na mnara ulio wazi juu, 234/3 yenye mzinga mfupi wa milimita 75, na 234/4 iliyobebeshwa PaK 40, ule mzinga mrefu wa milimita 75 wa kupiga vifaru. Hizo 234/1 zilikuwa 200, karibu mara mbili ya Puma. Anayetaka kikosi cha upelelezi cha Wajerumani cha mwaka 1945 kinachofanana na ukweli atafikia 234/1 kabla ya Puma, hata kama haina mvuto huohuo wa sura.

Staghound

Hili ni gari la mtu mzima. Jina lake la kiwandani ni T17E1, lilitengenezwa na Chevrolet, na Waingereza ndio waliolipokea na kulipa jina la mbwa wa kuwindia paa. Jeshi la Marekani lenyewe halikulihitaji. Zilitoka 2,844, na juu yake zikaongezwa 1,000 za T17E2 zenye rashasha mbili nzito za kupiga ndege.

Lina magurudumu 4 makubwa, uzito wa karibu tani 14, na injini mbili za petroli zilizolala sambamba nyuma, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 97. Moja ikipata hitilafu unaweza kuizima gari likiwa linatembea na kuendelea na nyingine. Gia zinajibadilisha zenyewe, jambo ambalo mwaka 1943 lilikuwa anasa kwa dereva wa kivita. Kasi inafika kilomita 89 kwa saa na safari moja kama kilomita 700. Ndani wanakaa watano, na wana nafasi. Kamanda wake ana mahali pa kusimama, redio yake ina mahali pa kukaa, na ndiyo maana vikosi vingi vya Kiingereza viliipeleka Staghound kwenye makao ya skwadroni, iwe gari la wakubwa huku magari madogo ya deraya aina ya Daimler yakitangulia. Wakanada wa 12th Manitoba Dragoons ndio walioitumia kwa wingi kaskazini magharibi mwa Ulaya, na wapelelezi wa divisheni ya New Zealand walipanda nayo Italia.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza mzinga: milimita 37, ambao kufikia 1944 haukuweza kuvifanya lolote vifaru vya Wajerumani vya Panther wala Tiger kwa mbele. Pili ukubwa. Upana wake ni karibu mita 2.7, na kwenye vijia vya milimani Italia askari waliolitumia walilalamika kwamba halipiti. Chuma chake ndicho kinachotoa faraja: milimita 19 ubavuni, zaidi ya mara mbili ya Puma, na kama milimita 45 mbele ya mnara.

Waingereza walijaribu kutibu tatizo la mzinga. Mk II, yaani toleo la pili, ilipewa mzinga mfupi wa inchi 3 wa kurusha makombora ya mlipuko na moshi, na Mk III ikavikwa mnara wa kifaru cha Crusader, mnara huo ukiwa na mzinga wa milimita 75. Baada ya vita gari hili liliendelea kuishi kwenye majeshi ya nchi nyingi. Lebanon walifika mahali pa kulivika mnara wa AEC, ndugu wa tatu wa makala hii. Kwa mchezaji, umri huo mrefu una faida: modeli moja inakufaa kwa michezo ya Italia 1944, ya Uholanzi na Ujerumani 1945, na hata ya vita vya baadaye.

AEC

Kampuni ya AEC ya Southall ndio waliounda mabasi mekundu ya ghorofa ya London. Mwaka 1941, bila kuagizwa na jeshi, walichukua chasisi ya lori lao la kuvuta mizinga, Matador, wakalivika chuma na mnara wa kifaru cha Valentine. Inasimuliwa kwamba waliliingiza kwenye maonyesho ya silaha uwanja wa Horse Guards bila mwaliko, Churchill akaliona akalipenda. Zilitengenezwa 629 kwa jumla.

Hili ndilo gari la ngumi kati ya matatu haya. Mk II ilipewa mzinga wa milimita 57, na Mk III mzinga wa milimita 75, sawa na wa vifaru vya kawaida vya Waingereza vya wakati ule. Mnara wake una chuma kinachokaribia unene wa kifaru. Limepandia juu hadi kama mita 2.7, lina injini ya dizeli ya nguvu za farasi 158, na mwisho wake ni kilomita 66 kwa saa. Waingereza waliliweka kwenye kikundi kizito cha kila skwadroni, magari mawili kwa kikundi, yakisubiri nyuma mpaka wapelelezi wakutane na kizuizi cha kupasuliwa. Ni gari linaloitwa, halitangulii. Ukilichukua kwa ajili ya kuchungulia umelionea.

Mezani

Tuje kwenye modeli sasa. Michezo ya mezani ina saizi zake, na kosa la kwanza la mnunuzi ni kutotazama skeli iliyoandikwa kwenye boksi, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko gari halisi. Wanaocheza na askari wa milimita 28, mathalani Bolt Action ya Warlord Games, hutumia magari ya 1/56. Wanaocheza Flames of War ya Battlefront hutumia milimita 15, yaani 1/100. Kati yao kuna 1/72 ya wapenzi wa zamani, ambako kampuni za Hasegawa na Roden zote zilitoa Puma.

Piga hesabu kabla hujalipa. Bodi ya Puma ina mita 6.02. Kwa 1/56 inakuwa milimita 107 bila kuhesabu mtutu. Staghound ya mita 5.49 inakuwa milimita 98. Ila upana unageuka: Puma milimita 42, Staghound 48. Ukiziweka bega kwa bega mezani, Puma ni ndefu na nyembamba kama ngalawa, Staghound imekaa kama jahazi lililopakia. Kwa 1/100 zote zinaingia kiganjani, milimita 60 na 55, na unaweza kupanga kikosi kizima kwenye meza ya chakula.

Modeli za 1/35, kama Puma ya Italeri, Staghound ya Bronco au AEC ya MiniArt, ni za kabati. Ni nzuri kwelikweli, lakini Puma ya 1/35 ina sentimita 17 bila mtutu, na vipande vyake vyembamba havitavumilia kushikwashikwa na wachezaji wanne kila Jumamosi. Usinunue hiyo kwa kuona picha imependeza.

Upande wa kanuni, Bolt Action ndiyo niliyoizoea. Dadu za amri za pande zote mbili zinatiwa kwenye mfuko mmoja, inayotoka inasema nani anacheza. Magari ya upelelezi yana upendeleo wao: likilengwa, linaruhusiwa kukimbia kabla halijapigwa. Na yanaweza kurudi nyuma kwa mwendo kamili, pale ambapo kifaru kinajikongoja. Yule dereva wa nyuma wa Puma yumo kwenye kanuni, ukijua kumtumia.

Mara ya kwanza sikujua. Niliiweka Puma njia panda, nikampa mwenzangu ubavu wote wa gari, nikasubiri kifaru chake kitokee nikipige. Niliona milimita 50, nikajiona nina kifaru. Alikuwa na mzinga mmoja mdogo nyuma ya ukuta wa mawe. Raundi ya pili Puma yangu ilikuwa inawaka moshi wa pamba, na saa tano za kupaka rangi zimekaa pembeni ya meza. Wakati mwingine nikaisukuma mbio barabarani mpaka upande wake, nikijisifia kasi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ilifika, ikakosa pa kwenda, ikazungukwa na askari wa miguu.

Iliponinyookea ni siku niliyoiweka nyuma ya ua, pua tu ikitokeza kwenye pengo. Inachungulia, inapiga gari jepesi la adui, inarudi nyuma hatua zote, inatokea pengo la pili. Haikuua vifaru hata kimoja mchezo mzima. Ila mwenzangu alitumia dadu zake nyingi kuikimbiza, na askari wangu wa miguu wakafika kijijini bila kusumbuliwa. Hivyo ndivyo Puma inavyolipa.

Staghound inasamehe zaidi. Ubavu wake hautoboki kirahisi namna ile, ina rashasha zaidi ya moja za kuwatuliza askari wa miguu, na mzinga wake mdogo unakufundisha mapema kwamba vifaru si saizi yako. Mchezaji mgeni akiwa na Staghound anajifunza kazi ya gari la deraya kwa sababu gari lenyewe linamzuia kufanya upuuzi. Akiwa na Puma, mzinga unamshawishi. Hiyo ndiyo sababu yangu kuu ya kumpa anayeanza Staghound.

Kuna na suala la wingi. Puma 101 ziligawiwa vikosi vichache, kama 25 kila kimoja, zikiwemo za divisheni za vifaru za Panzer-Lehr na ya 2 ya Panzer kule Normandy. Ukikutana na Puma kwenye kila mchezo wa Wajerumani, kuanzia Sicily hadi Stalingrad, ujue mtu hakutazama kalenda. Puma moja au mbili kwa Wajerumani wa kiangazi cha 1944 zinakaa vizuri. Ukitaka kucheza mwaka 1942, tafuta Sd.Kfz. 231 ya zamani ya magurudumu 8. Kwa Staghound huna wasiwasi huo kuanzia mwisho wa 1943 na kuendelea, wala hakuna atakayekuuliza umezitoa wapi ukipanga tatu.

Kuunganisha na kupaka rangi

Hapa Puma inashinda kwa upande mmoja na kushindwa kwa mwingine. Kwa 28mm Puma inapatikana kwa plastiki ngumu, vipande kwenye fremu, unakata kwa koleo dogo, unagandisha kwa gundi ya plastiki inayoyeyusha kidogo na kuunganisha moja kwa moja. Kosa linarekebishika. Soma maandishi ya boksi uone kama kuna mizinga ya ndugu zake pia; ukipata boksi lenye uchaguzi huo, acha mnara bila gundi ili uubadilishe unapotaka.

Magurudumu 8 ndiyo mtihani. Ukiyagandisha moja moja na kuondoka, utarudi ukute mawili yanaelea hewani. Nilifanya hivyo, na Puma yangu ya kwanza hadi leo inayumba kama kigoda chenye mguu mfupi. Dawa yake ni kipande cha kioo. Gandisha magurudumu yote kwa pamoja, kabla gundi haijashika kaa na gari limesimama juu ya kioo, bonyeza kidogo kwa kidole pembe zote nne, chungulia kwa usawa wa meza uone mwanga unapita chini ya tairi lipi. Dakika kumi za uvumilivu, na gari linakaa chini kama linavyotakiwa.

Staghound nilizozishika za 28mm zilikuwa za rezini zenye vipande vya metali. Bodi inakuja nzima, magurudumu manne, mnara, mtutu, umemaliza. Kwa asiyependa kuunganisha ni raha. Ila rezini ina masharti. Ioshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kiwandani yanakataa rangi. Haikubali gundi ya plastiki. Tumia supa gluu. Ukiipiga msasa, ilowanishe na uvae barakoa, vumbi lake si la kuvuta. Na kwa tunaoishi kwenye joto la pwani, usiiache ndani ya gari juani. Mtutu wa Staghound yangu ulijikunja kama ndizi kwa mchana mmoja. Niliutumbukiza kwenye maji ya moto nusu dakika, nikaunyoosha kwa vidole, nikauingiza kwenye maji baridi, ukatulia. Afadhali kutoyafikia hayo.

Rangi sasa. Staghound ni kijani cha mzeituni, nyota nyeupe ya Washirika, alama za kikosi, vumbi. Jioni mbili. Jambo la kuangalia ni kutoliacha liwe bonge moja la kijani: pitisha rangi nyepesi kwenye kingo, weka kahawia iliyozimuliwa kwenye mifereji ya skrubu na chini ya yale matangi ya mafuta ya ubavuni. Matangi hayo ya nje ndiyo yanayolipa gari sura yake, yape muda.

Puma inataka zaidi. Wajerumani kuanzia 1943 waliweka manjano iliyokolea kama rangi ya chini, kisha wanajeshi wenyewe wakanyunyizia mabaka ya kijani na kahawia nyekundu. Bila mashine ya kunyunyizia, chukua kipande kidogo cha sponji, kichovye, kifute kwenye karatasi hadi kibaki kama kimekauka, ndipo udonoe. Mabaka yanatokea na kingo zilizofifia. Rangi za maji hukauka haraka sana kwetu. Mimi huweka sponji yenye maji ndani ya kopo la chakula, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi inakaa siku nzima. Mwisho wa kazi pakia matope chini ya yale magurudumu manane, kahawia juu ya kijivu, na uache sehemu za juu safi. Ukifika kwenye mlango wa dereva wa nyuma, usiupite haraka. Uchore mstari wa kivuli kuuzunguka ili mtu akilizungusha gari aulize kile ni nini.

AEC ina bodi refu lililo wima, nyuso pana tambarare, na kwa hiyo inaonyesha kila mchirizi wa brashi. Rangi nyembamba, mikono mitatu, na subira.

Nani achukue lipi

Mwenye jeshi la Wajerumani wa 1944 achukue Puma bila kusita, ila ajue ananunua macho na miguu. Mwenye subira ya kucheza kwa kujificha, na anayefurahia kazi ya rangi kuliko mchezo wenyewe, hili ni lake. Akitaka kutumia fedha vizuri zaidi, atafute boksi litakalompa na 234/1.

Anayeanza kabisa, asiye na jeshi bado, au anayetaka kucheza Italia, Uholanzi na Ujerumani bila kubadilisha modeli, achukue Staghound. Ni ghali kidogo kwa sababu ya rezini, lakini hutahitaji mbili kwa muda mrefu, na Wakanada ni jeshi zuri la kuanza nalo: askari wa miguu wenye sare za Kiingereza zilizojaa madukani, vifaru vichache vya Sherman, na Staghound mbele yao. Mwenye haraka ya kuingia mchezoni wiki hii atapendelea gari lenye vipande vichache.

AEC ningemshauri mtu mwenye gari jepesi tayari, awe na Daimler mbili zinazotangulia na ngumi moja inayosubiri nyuma. Au yule anayetaka kitu tofauti kabisa mezani: Waingereza waliwapa wapiganaji wa msituni wa Tito, kule Yugoslavia, AEC za Mk II pamoja na vifaru vya Stuart, wakaunda navyo Brigedi ya 1 ya Vifaru mwaka 1944, na mwaka 1945 wakapigana wakipanda pwani ya Adriatiki hadi Trieste. Gari la kiwanda cha mabasi ya London, bendera ya Yugoslavia ubavuni na nyota nyekundu katikati yake, likipanda barabara ya mawe juu ya bahari. Nina bodi lake moja limekaa kwenye rafu, limekwisha kupakwa kijani. Wiki hii natafuta nyekundu inayofaa ile nyota.